Posa ya Amplifaya

Wewe umewahi kutumwa posa na amplifaya? Mimi nimetumwa. Niliota usiku wa kuamkia leo kwamba nimekuwa mshenga wake, na kwa kuwa kazi ya ushenga naijua, sikuona ajabu yoyote mpaka nilipoamka.

Kwanza nikueleze ni amplifaya gani, usije ukadhani ni ya jirani. Ni ya mume wangu, Mzee Mbonea, mpiga gitaa la besi wa kwaya yetu hapa Same. Ni nyeusi, kama kasha la nguo, ina spika moja ya inchi kumi na mbili tumboni, na usoni vitufe vya kuzungusha vimejipanga kama meno. Kitufe kimoja, kile cha sauti ya chini, kilipotea zamani. Mahali pake mzee amebandika kizibo cha soda.

Juu yake nimetandika kitambaa nilichofuma mwenyewe, cheupe, chenye maua ya njano, kirefu, kinateremka mgongoni mpaka karibu na sakafu. Nyumbani kwangu kitu chenye umbo la kasha hakikai uchi. Redio ina kitambaa, runinga ina kitambaa, hata debe la unga lina chake. Na kwa kuwa upepo wa Same ukikasirika unabeba sufuria na mfuniko wake, kila pembe ya kitambaa nimeishonea kifungo cha koti ndani ya ua, ili pembe itulie. Mzee huenda na amplifaya kanisani hivyo hivyo na kitambaa chake. Watu wamezoea.

Sasa amplifaya hii imepata tabia. Katikati ya wimbo inanyamaza. Kwaya inaimba, vidole vya mzee vinatembea, besi haipo. Baada ya muda inarudi kama mtu aliyetoka nje kidogo. Mwalimu wa kwaya, Nakundwa, binti mpole lakini akisema amesema, alimwambia: "Babu, siku ya tamasha tunaimba uwanjani, na uwanja hauna kuta za kutusaidia. Tafuta boksi la pili la spika uunganishe, la sivyo besi itapigwa na kinanda."

Kile kinanda kina besi yake ndani. Unabonyeza mahali, inajipiga, wewe unaweza kwenda kunywa maji.

Mzee alijibu, "Sawa, mwalimu." Akaja nyumbani, akalipangusa gitaa, akalifunga kwenye blanketi la wageni. Blanketi lile halitoki kabatini hovyo. Nikajua analiaga.

Mwanetu Elieskia anaishi Moshi. Akaingia duka la vyombo vya muziki, akapiga simu jioni: yapo maboksi matatu, kubwa, la kati na dogo, tumwambie asubuhi achukue lipi. Yeye alitaka kubwa. Na mimi nilitaka kubwa, maana kubwa hata likinyamaza linaonekana. Mzee alipoulizwa alisema, "Amueni ninyi." Akamalizia chai yake akaenda kulala.

Na mimi nikalala.

Nimekaa jikoni nachambua maharage ya makande. Mlango unafunguka, anaingia amplifaya kwa miguu yake minne ya mpira, kitambaa changu kichwani kama mama anayekwenda msibani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Futa miguu."

Anafuta mmoja mmoja. Naona amelelewa.

"Mama, nimefika umri wa kuoa," anasema. Sauti yake imeziba, kama ya mtu anayeongea chini ya shuka. "Naomba uniendee posa. Kuna mabinti watatu wamekaa dukani Moshi."

"Na huyo uliye naye tumboni?"

"Huyo si mke, Mama. Huyo ni kifua changu."

Jibu linaniridhisha. Namuuliza masharti ya ukoo wao, maana mshenga asiyeuliza masharti huleta aibu mlangoni.

"Ni moja," anasema. "Kwetu hatushuki chini ya nne."

"Nne ya nini?"

"Ya omu. Omu ni ukaidi, Mama. Kila spika ana ukaidi wake. Kifua changu kina nane. Akija mwenye nane akasimama naye bega kwa bega, ukaidi wao wa pamoja unakuwa nne, na nne naiweza. Chini ya hapo naungua."

"Kwamba wakaidi wawili wakiungana ukaidi unapungua?"

"Unakuwa nusu."

"Hilo silibishi," namwambia. "Mimi ni mkaidi, Baba Elieskia ni mkaidi, lakini tukiwa pamoja hata mbuzi anatushinda."

Nje kunasikika muziki. Nachungulia dirishani: kinanda cha kwaya kinakuja barabarani kwa miguu yake miwili iliyopishana, kinajipiga besi chenyewe, na kimebeba kiti cha mume wangu. Kile kiti chake hasa, chenye kamba ya katani iliyolegea upande mmoja.

"Kikifika kabla sijaoa," anasema amplifaya, "kitakikalia."

Nafunga maharage kwenye ungo, navaa kitenge kipya, nachukua chupa ya chai, nafungua mlango wa stoo kutafuta viatu. Ndani ya stoo ni Moshi.

Ni dukani. Wametandika mikeka. Mwenye nyumba ni mizani, ile ya sahani mbili, amevaa miwani, na nyuma yake wamekaa mabinti watatu wamefunikwa kanga. Najua adabu ya kazi. Mshenga hasemi haja yake moja kwa moja kama mtu anayenunua chumvi.

"Hodi hapa," nasema. "Tulikuwa tunapita njia, tukasikia harufu ya ua. Tukasema tuingie tumjue mwenye bustani."

"Ua la kwanza lina kilo arobaini na tano," anajibu mizani. "La pili ishirini na nane. La tatu kumi na nne."

"Ndugu yangu, sijauliza uzito."

"Mimi sina kingine."

Anamfunua wa kwanza. Mwanamke huyo! Ana midomo minne ya inchi kumi kumi, amepakwa rangi nyeusi inayong'aa, pembe zake zina vyuma. Anaongea kwa midomo yote, kila mdomo neno lake.

"Karibu," unasema wa kwanza.

"Sana," unasema wa pili.

"Mama," unasema wa tatu.

Wa nne unakohoa.

"Binti yangu, ukaidi wako ni kiasi gani?"

"Nne."

Sikiliza nilivyokosea, na ni kosa ambalo kila mama mwenye mtoto wa kiume angelifanya. Nilisema moyoni: nane ni ukaidi mwingi, nne ni kidogo, na nani anatafuta mkwe mwenye ukaidi mwingi? Nimewaozesha wengi kwa kipimo hicho. Nikamfunga yule mkubwa kitenge, nikambeba kichwani kilo zake zote, na shingo haikunisumbua hata kidogo.

Natoka mlango wa duka, naingia nyumbani. Sebule imekuwa ngazi. Ngazi ya saruji inateremka, kila kipandio kimeandikwa namba yake kwa chaki, na juu kabisa pameandikwa nane. Amplifaya amesimama hapo anangoja. Pembeni yuko mume wangu, amefungwa ndani ya blanketi la wageni, kichwa tu kiko nje.

"Baba Elieskia, umemwona mkwe?"

"Amueni ninyi," anasema.

Tunawaunganisha. Wanashikana, wanaanza kushuka. Saba. Sita. Tano. Nne. Nawaambia simameni, imetosha. Hawasimami. Yule binti ni mzito na ukaidi wake ni haba, anamvuta mwenzake. Wanapita tatu, na hapo saruji ni ya moto kama kikaango, ndala zangu zinaanza kunata. Amplifaya anatoa harufu ya plastiki kwenye jiko la mkaa.

"Mama," anasema kwa utulivu, "tuko mbili na kitu."

Navuta waya. Wanaachana. Katika maisha yangu ya ushenga sijawahi kurudisha binti kwao, lakini huyo nilimrudisha, na makande kwenye bakuli juu yake ili ukoo usinune. Mizani alimpokea akampima.

"Kilo ni zile zile," akasema. "Hamkumharibu."

Kinanda kinapita nje ya duka. Kimekwishafika Moshi, au Moshi imekifuata. Kinatutazama kwa taa zake ndogo.

"Mimi sihitaji mtu," kinasema.

"Ndiyo maana hatujakualika," nakijibu.

Kinasogea mbele na kile kiti.

Binti wa pili anafunuliwa. Huyu ana mdomo mmoja mpana wa inchi kumi na tano, mnene, mcheshi, sauti inatoka chini kama gunia linalodondoka chumba cha pili. Ukaidi nane. Nafurahi. Lakini safari hii nimekuwa mjanja, nagusia na la chakula.

"Kwao bwana harusi wanakulaje?" anauliza yeye.

"Ana bakuli mia tatu za makande, kila bakuli ni wati moja. Mkiwa wawili mnagawana nusu kwa nusu. Za kwako mia na hamsini."

Anajishika tumbo. "Mimi nakula themanini, Mama."

"Na ukipewa zaidi?"

"Nakula kwa heshima. Halafu napasuka."

Amenyooka huyo, nampenda mpaka sasa. Nilimwombea apate mume wa chakula kidogo.

Amebaki wa tatu. Simwoni. Mizani ananionyesha: amekaa mbali na wenzake, karibu na mlango wa nyuma, kisanduku cha kijivu, mdomo mmoja wa inchi kumi na mbili kama wa amplifaya. Kimo chake hakifiki kiuno changu. Ningempita sokoni nisigeuke.

"Mbona umejitenga huko nyuma, binti?"

"Huku nyuma ndiko wanakokaa watu ambao hakuna aliyewauliza kama wanasikia."

Nasimama kidogo. Sijui kwa nini neno hilo linanichoma mguu wangu mbovu, lakini linanichoma pale pale penye goti.

"Ukaidi wako?"

"Nane."

"Chakula?"

"Naweza mia mbili."

Nampakulia mia na hamsini. Anakula taratibu, anapangusa mdomo, anasema "Asante," na neno lile linatoka chini hivi kwamba chai kwenye kikombe changu inatetemeka ukingoni bila kumwagika. Nagonga ubavu wake kwa kifundo cha kidole, kama unavyogonga chungu kabla ya kununua. Hana ufa. Namfunika kitenge. Mizani anavua miwani, anaifuta.

"Kilo kumi na nne," anasema, na sauti yake imelegea kama ya baba yeyote.

Ngazini, nachukua waya wa kuwaunganisha. Nachukua ule ninaoujua, waya wa gitaa.

"Mama, mimi siwezi," unasema waya. "Kazi yangu ni kupeleka minong'ono kutoka kwenye gitaa. Huu sasa ni mzigo. Nitayeyuka. Mwite kaka yangu."

Kaka yake anakuja, mnene, anapumua kwa nguvu, haongei. Anawashika wote wawili mikono.

Wanashuka. Saba. Sita. Tano. Nne. Wanasimama. Kipandio cha nne ni cha baridi kama mchanga ulio chini ya mtungi wa maji. Nimeweka mikono kiunoni. Nimefanya kazi yangu, na kama kuna mshenga mwingine Upareni aliyefika hapo, ajitokeze.

Amplifaya anafungua kinywa apige noti ya kwanza. Inatoka nusu. Ananyamaza.

Ile tabia yake.

Kinanda kimefika juu ya ngazi. Kinateremsha kiti, kinakipangusa.

"Una nini tena?" namuuliza amplifaya. "Ukaidi tumepima, chakula tumepima, waya mnene."

"Mama, mimi sikuwa mgonjwa tangu mwanzo."

"Sasa?"

"Nimefunikwa. Napumulia mgongoni, na mgongoni pana kitambaa."

Natazama. Kitambaa changu kimekua. Kimefunika mgongo wake, kimefunika ngazi yote, kimepanda ukutani, maua ya njano makubwa kama sinia, na mume wangu ndani ya blanketi anatafuta hewa chini ya ua moja.

"Hicho nilikifuma mimi," nasema.

"Najua. Ndiyo maana sikusema."

Nakivuta. Kinakuja kwa marefu na mapana, kama mtu anayevua shuka kitanda cha hospitali kizima chenye wagonjwa wote. Amplifaya anavuta pumzi, na ngazi nzima inavuta naye.

"Na pembe ya nne, Mama, uiangalie," anasema. "Kifungo cha koti kina matundu manne. Kile ulichoshonea pale hakina hata moja. Kile ni changu."

Kinanda kimekwishakunja mguu mmoja kikalie kiti. Nikaona muda umekwisha na bado sijauliza swali ambalo mshenga huanza nalo. Nilikwenda mpaka Moshi mara mbili, nikapima, nikagonga, nikalisha, bila kumuuliza bwana harusi mwenyewe.

"Wewe hasa," nasema, "unataka nini?"

Amplifaya akafungua kinywa.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mzee alikuwa jikoni, namsikia anakoroga chai, na kijiko chake nakijua. Mimi nilikwenda moja kwa moja sebuleni, na kanga ya kulalia. Amplifaya ilikuwa mahali pake, kimya, kitambaa mgongoni. Nikainama nikashika pembe ya kwanza: kifungo, bapa. Ya pili: bapa. Ya tatu: bapa. Ya nne ilikuwa nene kama kunde iliyovimba majini.

Nikachukua kiwembe, nikakata uzi ndani ya ua. Kikanidondokea kiganjani kitufe cheusi cha kuzungusha, chenye mstari mweupe ubavuni. Hakikuwa na tundu hata moja la uzi. Siku nilipokuwa nashona nilikikuta sakafuni miongoni mwa vifungo vyangu, nikakishona pamoja na vingine.

Nilibandua kizibo cha soda, nikakisukuma kitufe mahali pake. Kiliingia kikasema *tak*.

Nikakunja kitambaa. Nikaenda nacho jikoni, nikakiweka mezani mbele ya mume wangu, na simu ikaanza kulia. Alikuwa Elieskia.

"Mama, shikamoo. Niko dukani. Nichukue lile kubwa?"

"Marahaba. Subiri," nikamwambia, nikailaza simu karibu na bakuli la sukari.

Mzee alikuwa anatazama kitambaa.

"Umekivua," akasema.

"Kilikuwa kinaziba mgongo. Ndiyo maana inachoka kwa joto, inanyamaza. Ulijua?"

Akakoroga chai iliyokwishakorogwa. "Nilihisi."

"Sasa mbona hukuniambia, Baba Elieskia?"

"Ulikifuma wakati ule umelazwa na mguu. Ulikuwa hulali. Ningekuambiaje kwamba kinanizibia amplifaya?"

"Ungeniambia hivyo hivyo."

"Aa," akasema, kama mtu aliyeonyeshwa njia ya mkato akiwa amekwishafika.

Simu ilikuwa inasema "Mama? Mama?" kwa sauti ndogo. Nikavuta kigoda nikakaa mbele yake, magoti yetu yakagusana chini ya meza, lile zima na lile bovu.

"Watu wote tumesema letu," nikamwambia. "Elieskia amesema, mwalimu amesema, mimi nimesema. Wewe umesema tuamue sisi. Mimi leo siamui. Unataka lipi?"

"Lile dogo," akasema mara moja, kama neno lilikuwa limekaa mdomoni tangu jana. "La inchi kumi na mbili."

"La omu nane. Na waya mnene, si ule wa gitaa."

Akaacha kukoroga. "Nani kakufundisha mambo ya omu?"

"Amplifaya."

Alifikiri, akaona ni mwalimu anayefaa. Akasogeza kikombe pembeni.

"Ila sitaki likae mbele," akasema. "Mbele nitakuwa na hii ya kwangu, inatosha. Waya uwe mrefu. Hilo dogo liende nyuma kabisa, kwenye benchi mlilowekwa ninyi wa miguu mibovu."

"Nyuma kuna nini cha kusikilizwa? Nyuma sisi tunasinzia."

Hakucheka. Alikuwa anatazama kitambaa changu, anapapasa lile ua lililokatwa, pale kitufe kilipokuwa.

"Ulipokuwa unasimama sauti ya pili," akasema, "nilikuwa nakuona mdomo, najua uko na mimi. Tangu ulipokwenda kukaa nyuma napiga kila Jumapili, sijui kama inakufikia. Mimi nilikuwa nataka unisikie."